Kumzoesha kobe mgeni makazi yake mapya: mwongozo kwa mfugaji wa Tabora

Familia moja ya Isevya, hapa Tabora mjini, ilipokea kobe kutoka kwa mfugaji aliyehamia mkoa mwingine. Kwa kuwa nilikuwa nao tangu kujenga uzio hadi kobe alipoanza kula bila kujificha, nimeona vema niuandike utaratibu wote. Kobe ninayemzungumzia ni yule mkubwa wa savana, mwenye gamba la manjano lenye mabaka meusi, ambaye akikomaa hufikia urefu wa sentimita 40 hivi na huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yule mdogo wa kahawia, ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hujikunja kwa bawaba, hupenda unyevu na kivuli zaidi na hula pia uyoga na konokono, hivyo maelezo ya chakula yaliyo hapa chini hayamhusu.

Hatua ya 1: Kibali

Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kobe ni mnyamapori na hafugwi bila kibali, hata kama umepewa na mtu mwingine. Anzia kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kobe unayemkuta akivuka njia porini au shambani mwache aendelee na safari yake.

Hatua ya 2: Uzio na mahali pa kujificha

Hatua hii imalizike kabla kobe hajafika, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Watu wengi huanza na wavu wa kuku kwa sababu ni rahisi na hupatikana kila duka la vifaa. Tatizo lake ni kwamba kobe huona upande wa pili, na mnyama aliyeondolewa mahali alipopazoea huamini kwamba anaweza kupita. Atatembea kando ya wavu huo asubuhi hadi jioni, akisukuma kwa kichwa na kukwaruza kwa miguu ya mbele, mpaka pua ichubuke na kucha zilike. Mwenye nyumba hudhani kobe amechangamka, kumbe anahangaika, na nguvu ambazo angezitumia kula na kuota jua zinaishia hapo.

Kwa hiyo mimi nashikilia matofali ya kuchoma, ambayo hapa Tabora hayapatikani kwa shida. Ukuta wa sentimita 50 juu ya ardhi unamtosha kobe mkubwa, lakini msingi ushuke sentimita 20 au 30, kwa kuwa udongo wetu wa kichanga huchimbika kwa urahisi. Ziba kila mwanya unaoweza kunasa mguu. Ikiwa umetumia saruji au chokaa, subiri vikauke kabisa na usafishe mabaki yote, kwani huunguza ngozi na macho. Asiye na uwezo wa matofali atumie mabanzi ya mbao yaliyopangwa bila nafasi kati yake. Mabati siyapendi, kwa sababu kingo zake hukata na jua la Oktoba huyafanya yawe ya moto mno.

Hata ukuta ukiwa mzima, pembe zake zinaweza kuleta shida. Kobe akiingia kwenye pembe ya mraba hubaki humo akisukuma pande mbili, na wengine hupanda juu ya pembe hiyo mpaka wakaangukia mgongo. Kobe aliyepinduka juani anaweza kufa kwa joto kabla hamjarudi kutoka kazini. Zungushia pembe kwa tofali zilizopangwa kwa upinde, au laza ubao wa mshazari kuikata. Panda pia mafungu ya nyasi ndefu na weka mawe mapana, yasiyo na mteremko mkali, karibu na ukuta, ili asiwe na mstari mmoja ulionyooka wa kuufuata siku nzima. Mita 4 kwa 4 ndicho kiasi cha chini ninachokikubali kwa kobe mmoja aliyekomaa. Kobe mchanga afunikwe kwa wavu juu, kwa sababu kunguru na nguchiro huwawinda.

Ndani ya uzio jenga kibanda kifupi chenye nyasi kavu nyingi, mlango wake ukitazama mashariki ili jua la asubuhi liingie, na sakafu yake iinuliwe kidogo ili mvua za kuanzia Novemba zisiilowanishe. Usiku wa Juni na Julai joto la hapa hushuka chini ya nyuzi 18, kwa hiyo mlango uzibwe kila jioni. Kagua siafu kabla ya kufunga, hasa msimu wa mvua, maana kobe aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Wapo wanaotoboa ukingo wa gamba na kupitisha kamba badala ya kujenga uzio. Gamba ni mfupa hai wenye damu na hisia, na tundu hilo ni jeraha. Nawasihi msilifanye kamwe.

Hatua ya 3: Siku za mwanzo

Mfikishe asubuhi, mweke mbele ya kibanda, kisha ondokeni. Watoto wamtazame kwa mbali na wasimbebe, na mbwa asikaribie kabisa. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kobe mwenye afya njema huweza kubeba vimelea vya salmonela.

Hatua ya 4: Maji

Weka sahani pana ya chini ya chungu cha maua, iliyozamishwa ardhini hadi ukingo wake. Katika wiki za mwanzo mwogeshe pia mara mbili au tatu kwa wiki kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa dakika 15 au 20. Atakunywa na kujisaidia humo. Uchafu mweupe ulio laini ni wa kawaida, lakini ukiwa na chenga ngumu ujue amepungukiwa maji.

Hatua ya 5: Chakula

Kobe mgeni huweza kukataa chakula kwa siku kadhaa, na hamu yake hutegemea joto la mwili. Mpe baada ya kuota jua, mahali palepale kila siku. Chakula chake kikuu ni nyasi, pamoja na mashona nguo, majani ya mforosadi, majani na maua ya haibiskasi, na vipande vya dungusi vilivyoondolewa miiba. Mchicha uwe wa nadra. Ugali, wali, mkate, nyama na pumba za kuku asipewe. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, humwongezea madini ya chokaa. Ng'oa mnyonyo na mbono ndani ya uzio, na ikiwa nyumbani mnakausha tumbaku, hakikisheni hakuna jani linalopeperukia humo, kwani vyote hivyo ni sumu.

Hatua ya 6: Kumfuatilia

Mpime kwa mizani kila wiki, siku ileile, kabla ya kumwogesha, na uandike uzito wake daftarini. Mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, macho yaliyovimba, au uzito unaoshuka wiki hadi wiki ni sababu za kumwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Madaktari wengi wa hapa huhudumia ng'ombe na mbuzi zaidi, kwa hiyo mpe daftari lako la uzito na umweleze chakula alichokula kobe pamoja na joto la banda usiku, apate pa kuanzia.