Dirisha liingie ndani ya ukuta au likae sawa na nje?

Wengi wanafunga dirisha likae sawa na uso wa nje wa ukuta, na siwalaumu, ndo rahisi, utepe wa kuzuia maji unaubandika kutoka fremu mpaka ukutani pamenyooka hakuna kona kona. Shida fremu inapigwa na mvua yote. Ukilirudisha ndani sentimita kadhaa ukuta wenyewe unalikinga, me nalipenda hilo zaidi, ila hapo chini unakua umetengeneza kibaraza cha kukusanya maji, ukikikosea bora hata ungeliacha nje.

Kwahiyo anza na chini kabla hata dirisha halijafika. Hicho kibaraza kishuke kuelekea nje, karibu sentimita 1 kwa kila 10, afu utandaze utepe kote na uupandishe kwenye kona zote mbili na nyuma upande wa ndani, iwe kama trei, maji yakipenya yakose pa kwenda zaidi ya nje. Kingo ya mbele itokeze kupita ukuta na chini yake chonga kamfereji, tone likifika hapo linadondoka badala ya kurudi kutambaa ukutani.

Weka dirisha, cheki na pima maji, ziba pembeni, mwisho juu, kila utepe wa juu ulalie wa chini kama mabati ya paa. Chini kwa nje USIZIBE! La kwangu la kwanza nilipaka silikoni pande zote nne nikajiona fundi kweli kweli, mvua ya pili tu rangi chini ya dirisha ikavimba kama andazi, maji yaliingia juu yakakosa mlango wa kutokea.

Kuhusu joto na baridi, fremu iwe kwenye mstari mmoja na insulesheni, yaani lile tabaka la ukutani la kuzuia joto na baridi visipite. Kama insulesheni iko nje ya ukuta na dirisha umelirudisha ndani, ikunje iingie pembeni mpaka ifunike ukingo wa fremu, la sivyo baridi inapita hapo hapo. Nafasi inayobaki jaza povu lile lisilotanuka sana, lile linalotanuka kwa nguvu linapinda fremu na dirisha linagoma kufunga.

Kabla ya plasta ya ndani mwagia maji na mpira, anza chini ndo upande taratibu, mtu akae ndani na tochi, likianza kuvuja unajua ni usawa gani.