Anza na Mtaa, Kitanda Kitafuata: Ninavyochagua Pa Kulala Nikiwa Ugenini

Mimi ni mkalimani wa mikutano, kwa hiyo kulala ugenini ni sehemu ya kazi yangu. Siku tatu mji huu, siku nne mji ule, na kila asubuhi natakiwa niwe kwenye kibanda cha wakalimani nikiwa na sauti na akili zangu. Miaka ya mwanzo nilifanya kama wengi: nafungua tovuti ya kubuki, naandika jina la mji, napanga kuanzia bei ya chini, kisha nachukua chumba chenye picha ya kuvutia. Ujinga huo nimeulipia kwa teksi za usiku, mabega yenye alama za mikanda ya begi, na usingizi wa vipande vipande. Siku hizi naanza na mtaa, na kazi nzima hunichukua kama saa moja na nusu. Fuatana nami.

Hatua ya 1: Andika siku zako

Chukua karatasi. Orodhesha kila mahali ambapo huna budi kwenda, na pembeni uandike saa ya kufika na saa ya kutoka. Weka na uwanja wa ndege au stendi utakayoshukia, maana safari mbili nzito kuliko zote ni zile za kubeba mzigo. Yale ya "nikipata nafasi nitapitia" yaweke chini kabisa, mstari mmoja.

Orodha yangu ya safari moja ilikuwa hivi: mkutano saa 2:30 asubuhi, siku tatu mfululizo, karamu siku ya pili, inaisha saa 5 usiku, ndege ya kurudi siku ya nne, saa 12:50 asubuhi. Ukiitazama vizuri, hiyo ndege ndiyo bosi wa safari nzima. Saa 10 alfajiri uko njiani, na kama hakuna treni saa hizo, itabidi teksi. Safari ile nililala usiku mbili karibu na ukumbi, usiku wa tatu karibu na uwanja. Kuhama kuna usumbufu wake, na kwa safari fupi huwa sihami, ila ndege ya alfajiri hunilazimisha kufikiri mara mbili.

Hatua ya 2: Piga alama kwenye ramani

Fungua programu ya ramani uweke alama kila mahali ulipopaorodhesha. Mara nyingi alama zitajikusanya zenyewe upande mmoja wa mji, na upande huo ndio katikati yako. "Katikati ya mji" ya tovuti ni nukta waliyoichagua wao, pengine mnara au uwanja wa zamani ambao wewe huna shughuli nao.

Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida hukata kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi ni mita 800. Chora duara la ukubwa huo kuzunguka alama zako, kisha uanze kulichunguza. Tovuti nyingi hupima umbali kwa mstari ulionyooka, nao mstari haujui kuna mto, reli au barabara kuu isiyo na kivuko. Niliwahi kupata hoteli iliyoandikwa mita 600 kutoka ukumbini. Kweli, kutoka dirishani niliona paa la ukumbi. Katikati yetu palikuwa na reli za treni, na daraja la waenda kwa miguu lilikuwa mbali. Nilitembea dakika 25 kila asubuhi huku paa likinitazama.

Majina nayo yasikudanganye. Hoteli inaweza kujiita ya katikati ikiwa pembezoni kabisa. Hata viwanja vya ndege hufanya hivyo: Frankfurt-Hahn uko kilomita zipatazo 120 kutoka mji wa Frankfurt. Anayebuki chumba "karibu na uwanja" bila kuangalia ni uwanja gani, atajua akishafika.

Hatua ya 3: Pima kwa dakika, kwa saa ileile utakayosafiri

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Kwenye ramani, usipime safari ukiwa umekaa kitandani Jumapili usiku ukaamini jibu linalokuja. Badilisha saa ya kuondoka: weka Jumanne, saa 1:45 asubuhi, kutoka mlango wa hoteli hadi mlango wa mkutano. Andika dakika. Kisha pima safari ya kurudi kwa saa ya karamu kuisha. Wakati mwingine asubuhi ni dakika 18 na usiku ni 50, kwa sababu treni zimepungua au zimelala.

Treni za Tokyo, kwa mfano, zinasifika duniani, lakini nyingi hulala kuanzia kama saa 6 usiku hadi karibu saa 11 alfajiri. London walianzisha huduma ya usiku ya treni za chini ya ardhi mwaka 2016, nayo ni ya Ijumaa na Jumamosi tu, tena kwa baadhi ya njia. Kwa hiyo uliza kila mara: usafiri wa mwisho ni saa ngapi, siku hiyo hasa?

Hesabu pia mara unazobadilisha usafiri. Treni moja ya dakika 30, umekaa, ni nyepesi kuliko mbili za dakika 10 zenye ngazi na msongamano katikati. Mimi kila badiliko nalitoza dakika kumi za adhabu.

Mfano unaoonyesha ugumu wa uamuzi wenyewe ni Venice, mji wa Italia uliojengwa visiwani. Watu wengi hulala Mestre, upande wa bara, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa mfuko, na treni hadi kituo cha Santa Lucia huchukua kama dakika kumi. Kwenye karatasi Mestre inashinda. Lakini kama unakwenda kuuona mji ule mapema asubuhi na usiku watalii wa siku moja wakishaondoka, utakuwa unatazama saa kila jioni. Upande mwingine, kisiwani hakuna magari, na madaraja mengi yana ngazi. Mwenye begi zito la magurudumu, au mzazi mwenye kigari cha mtoto, ataisifu Mestre. Chumba ni kilekile na bei ni ileile, ila jibu linabadilika kwa mwenye begi.

Hatua ya 4: Pita mtaani kabla hujafika

Ukibakiwa na hoteli tano au sita, tembea mbele ya kila moja kwa Street View, zile picha za barabarani zilizomo kwenye ramani za Google. Angalia mlango uko barabarani au uchochoroni. Chini ya ghorofa kuna nini: duka, karakana, au ukumbi wa muziki? Taa za barabarani zipo? Kuna njia ya miguu, au magari yanapita puani? Soma tarehe ya picha pembeni. Ikiwa ya miaka sita iliyopita, jengo la jirani linaweza kuwa limeshabomolewa na sasa nyundo zinalia.

Mimi hupenda mtaa wenye watu wanaoishi: duka la dawa, shule, nguo zimeanikwa. Mtaa wa ofisi tupu huwa shwari mchana, kisha saa 2 usiku hata pa kununua maji hupaoni.

Hatua ya 5: Aina ya malazi

Usiku mmoja au mbili, nachukua hoteli yenye mapokezi ya saa 24. Zaidi ya usiku nne natafuta fleti, kwa ajili ya jiko na mashine ya kufulia. Hosteli ni nzuri kwa anayetaka watu; mimi baada ya siku nzima ya kuongea sitaki watu.

Kwa fleti, angalia sheria za mji kwanza. New York, tangu Septemba 2023, inataka wenyeji wanaopangisha kwa chini ya siku 30 wawe wamesajiliwa na jiji, nao wawepo nyumbani mgeni anapokaa. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii hazitaongezwa muda baada ya Novemba 2028. Fleti isiyo na namba ya usajili pale inapotakiwa inaweza kufutwa wiki moja kabla ya safari yako, ukaanza upya bei zikiwa juu. Ukiombwa kulipa nje ya tovuti "ili upate punguzo", funga ukurasa.

Nyota zisikuumize kichwa. Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Nyota tatu za nchi moja ni nyota nne za jirani, na mara nyingi zinahesabu vitu kama lifti na saa za mapokezi kuliko usingizi.

Hatua ya 6: Soma picha kwa kutafuta kisichokuwemo

Mpiga picha wa hoteli hutumia lenzi pana na husimama kwenye kona. Achana na picha, tafuta namba ya mita za mraba. Tuseme chumba ni mita za mraba 9. Kitanda cha watu wawili cha sentimita 140 kwa 200 kinakula karibu tatu. Toa bafu kama limehesabiwa humo, toa nafasi ya mlango kufunguka, toa meza. Kilichobaki ni njia ya kupita ubavu, na begi lako litafunguliwa juu ya kitanda kila asubuhi. Kwa usiku mmoja utavumilia. Kwa usiku tano na mwenzio, mtagombana kuhusu soksi.

Halafu uliza pazia. Picha kumi, na zote pazia limefungwa? Nyuma yake huenda kuna ukuta, au hakuna dirisha kabisa. Bafu limepigwa picha ya sinki peke yake? Pengine ni la kuchangia.

Hatua ya 7: Maoni ya wageni

Yapange kuanzia mapya. Ruka ya alama kumi na ya alama moja: wa kwanza alikuwa fungate, wa pili aligombana na mapokezi. Ya alama sita na saba ndiyo yenye nyama, kwa sababu mtu huyo ameridhika kiasi, na bado kuna kitu kimemkera hadi akakiandika. Tafuta neno linalojirudia. Mtu mmoja akisema maji ya moto yalikatika, ni bahati yake mbaya. Wanne, miezi tofauti, ni bomba bovu. Angalia pia waliandika mwezi gani; chumba kisicho na kiyoyozi hakina lawama wakati wa baridi.

Hatua ya 8: Bei yote, tarehe sahihi

Fika hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, ndipo ulinganishe. Kuna kodi ya mji, ada ya usafi, na dhamana inayozuiwa kwenye kadi. Amsterdam, tangu 2024, kodi ya watalii ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Hiyo haimezwi kimyakimya. Jumlisha na nauli za siku zote kutoka Hatua ya 3. Mara nyingi hoteli "ghali" ya karibu hubadilika ikawa ya kawaida.

Sasa tarehe. Tiketi yangu ilisema natua tarehe 13, saa 00:40. Nikabuki kuanzia tarehe 13, nikajiona makini. Kijana wa mapokezi akanitazama kwa huruma: chumba chako kipo, lakini ni cha leo saa nane mchana. Usiku niliouhitaji ulikuwa wa tarehe 12, na hoteli ilikuwa imejaa. Nilikesha kwenye kochi la mapokezi, begi likiwa mto. Kiswahili chenyewe kilikuwa na jibu siku zote: nilitakiwa kubuki usiku wa kuamkia tarehe 13. Tangu hapo nausema huo usiku kwa sauti kabla ya kubonyeza chochote.

Chagua bei inayoruhusu kughairi bure, hata ikizidi kidogo, na uweke kengele siku moja kabla ya mwisho wa muda. Kumbuka mwisho huo kwa kawaida hupimwa kwa saa za mji wa hoteli.

Hatua ya 9: Tuma ujumbe mmoja

Kabla ya muda wa kughairi kuisha, andikia hoteli maswali mawili na ombi moja. Ujumbe wangu huwa hivi: "Habari. Nitafika saa 5 usiku, je, kutakuwa na mtu wa kunipokea? Je, lifti inafika ghorofa ya chumba changu? Naomba chumba kisicho karibu na lifti wala barabara, kama kipo." Wakijibu kwa ufupi na uhakika, nabaki. Siku tatu za kimya, naghairi na kuchukua ya pili kwenye orodha.

Ukifika, usifungue begi. Washa bomba la moto, jaribu kufuli la mlango, fungua dirisha usikilize, angalia ngazi ya dharura iko upande gani. Zima taa uone kama kuna mwanga unaoingia usoni. Kama kuna kasoro, teremka sasa hivi ukaombe chumba kingine, kwa upole, begi likiwa bado limefungwa. Mgeni ambaye hajagusa shuka huhamishwa kirahisi kuliko aliyekwisha kuoga.