Kuweka oda ya hisa katika Soko la Hisa la New York bila kushtukizwa na bei

Soko hili halipokei oda ya mtu wa kawaida moja kwa moja. Lazima upitie kwa dalali. Kama wewe si raia wala mkazi wa Marekani, jaza fomu W-8BEN (fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni) mara tu unapofungua akaunti. Gawio lako, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwapa wenye hisa, litakatwa kodi ya 30%, na ikiwa nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani, ni fomu hiyo inayokupa nafuu.

Biashara ya kawaida huanza saa 3:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, kwa saa za New York. Wageni wengi huumia pale mlangoni. Oda zilizokusanyika kabla ya kengele hukutanishwa katika mnada wa ufunguzi, na wote wanaofanikiwa humo hupata bei moja. Tuseme hisa ilifunga jana kwa dola 40, usiku ikatoka habari njema, mnada ukafungua kwa 46. Uliyeacha oda ya bei ya soko, yaani ya kununua kwa bei yoyote itakayokuwepo, ya hisa 50 ukihesabu dola 2,000, unadaiwa 2,300.

Dawa yake ni oda yenye kikomo cha bei. Andika 41, na hutalipa zaidi ya 41. Huenda ukakosa hisa zote au ukapata chache tu, lakini heri kukosa kuliko kununua kwa bei usiyoipanga. Angalia pia muda wa oda: ile ya siku moja hufutika soko likifungwa.

Ukitaka bei ya kufungia, peleka oda ya mnada wa mwisho kabla ya saa 9:50 alasiri.

Oda zikikwama ghafla, usianze kuzirudia-rudia. Kipimo cha S&P 500 (kinachofuata bei za hisa za kampuni kubwa takribani 500 za Marekani) kikishuka 7% au 13% kutoka kilipofungia jana, kabla ya saa 9:25 alasiri, biashara husimama dakika 15. Kikishuka 20%, soko hufungwa hadi kesho yake. Machi 2020 kizingiti cha 7% kiliguswa siku nne.

Tangu 28 Mei 2024, malipo hukamilika siku moja ya kazi baada ya kununua. Kwa hiyo anayetaka gawio anunue angalau siku moja ya soko kabla ya tarehe ya kuandikisha wenye hisa. Ukinunua siku yenyewe, kwa kawaida gawio hubaki kwa aliyekuuzia.