Wikendi Hinton: namna ya kuupata mto wenyewe

Hinton, West Virginia, ni mji wa watu 2,000 na ushee, umebanwa kati ya mlima na mto New. Ukipita na gari bila kusimama utaona mahakama ya matofali, maduka machache na reli, useme hakuna kitu. Kipo, ila kinataka mpango.

Kama unatokea Washington, nakushauri treni ya Cardinal. Hupita Hinton Jumatano, Ijumaa na Jumapili tu, kwenda na kurudi. Ndiyo maana wikendi inakaa vizuri: unashuka Ijumaa jioni, unaondoka Jumapili asubuhi na ile inayotoka Chicago. Huchelewa sana, kwa hiyo usijipangie miadi ya Jumapili hiyo. Kabla hujalipia chumba, kubaliana na mwenyeji kuhusu usafiri wa Jumamosi. Huu si mji wa kusimama kando ya barabara ukingoje teksi.

Mwenye gari atoke barabara kuu ya I-64 pale Sandstone, afuate barabara namba 20 kama kilomita 16. Hapo njiani ndipo wageni wengi hukwama. Kuna pa kuegesha, na maporomoko ya Sandstone unayaona kule chini kabisa, mita 180 hivi. Watu hupiga picha wakaondoka wakidhani wameshayamaliza. Pale huwezi kushuka! Endelea mpaka Hinton, vuka daraja, kisha ugeuke kaskazini kwa River Road, ng'ambo ya pili, kilomita 13. Kaskazini ndiko mto unakoelekea, kwa hiyo unakwenda nao. Barabara ni nyembamba, usiwe na haraka.

Mwisho wake kuna njia ya mbao inayokupitisha juu ya vijito hadi visiwani. Maporomoko yenyewe si marefu, mita 3 mahali pengine, 7 hivi pengine, lakini upana wake unakaribia mita 450, na ukisogea karibu inabidi kupaza sauti ili mwenzako akusikie. Hakuna kiingilio, ingawa ni ndani ya hifadhi ya taifa ya New River Gorge. Miamba ina utelezi na mkondo una nguvu: kuogelea hapo sahau.

Mchana nenda Talcott, barabara namba 3. Kuna sanamu ya John Henry, mtoboa miamba mweusi ambaye simulizi zasema alishindana na mashine ya mvuke, akaishinda, akafa na nyundo mkononi. Handaki la reli anakohusishwa nalo, Big Bend, lilichimbwa 1870 hadi 1872. Wachimbaji wengi walikuwa watu weusi waliotoka utumwani miaka michache tu kabla. Mimi napaona pazito kuliko maporomoko.

Jioni kula soseji ndani ya mkate (hot dog) kwa mtindo wa huko: nyama ya kusaga yenye viungo juu yake, kisha kabichi mbichi iliyokatwa laini. Ramani ipakue mapema, mtandao hukatika bondeni, na giza likianza kuingia punguza mwendo, kulungu hukatiza barabara ghafla.