Jinsi tawi jipya la chama cha wafanyakazi kiwandani linavyofika kwenye mkataba wa hali bora

Kuanzia Chang'ombe hadi Mbagala, Dar es Salaam, wafanyakazi waliochoshwa na mshahara mdogo mara nyingi huanza kwa kuandika barua ndefu ya malalamiko, watu arobaini wakaitia sahihi, ikapelekwa kwa meneja. Barua ya namna hiyo hailazimishi mtu kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamfunga mwajiri akae mezani kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mshahara na masharti ya kazi, na chama kilichosajiliwa chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalojadiliwa. Basi anzeni na hesabu, hasira zitafuata baadaye.

Chukulia kiwanda chenye watu 180 kwenye orodha ya mishahara. Toeni menejimenti ya juu, maana kisheria hawaruhusiwi kuwa kwenye chama kimoja na wafanyakazi wa chini yao. Wakiwa 8, wanabaki 172. Nusu yake ni 86, kwa hiyo mnahitaji 87. Msiishie hapo. Lengeni 110 hivi, kwa sababu kati ya siku ya kujaza fomu na siku ya kuhesabiwa kuna watakaoacha kazi, kuna ambao mikataba yao itaisha, na hawakosi wawili watatu watakaoitwa ofisini "kushauriwa" wajitoe.

Vibarua ndio hutibua hesabu. Mwajiri hupenda kuwaingiza kwenye jumla ya wafanyakazi ili nusu ipande, halafu akawakana wakionekana kwenye orodha ya wanachama. Mwambieni mapema, kwa maandishi: ama wanahesabiwa pande zote mbili, ama hawahesabiwi kabisa. Walioletwa na kampuni ya wakala, ambao mkataba wao ni wa wakala, waacheni nje ya hesabu yenu. Mtapoteza miezi kuwabishania.

Kuhusu chama gani: sheria inaruhusu watu 20 kuanzisha chama chao, ila kwa kiwanda kimoja ni kujitwisha mzigo wa usajili, katiba na ukaguzi wa hesabu bila sababu. Jiungeni na chama cha sekta yenu. Viwanda na biashara wapo TUICO, hoteli CHODAWU, bandarini DOWUTA. Katibu wa chama ndiye atakayewaletea fomu ya TUF 6, ambayo mfanyakazi anamruhusu mwajiri akate ada kwenye mshahara.

Fomu hiyo ndiyo roho ya kazi nzima, na makosa yake ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni jina. Kwenye mashine mtu anaitwa Chidi, kwenye orodha ya mishahara ni Rashidi wa majina matatu. Fomu ikiandikwa Chidi, ofisi ya rasilimali watu itasema haimjui. Nakilini jina na namba ya mfanyakazi kutoka kwenye slipu ya mshahara, herufi kwa herufi. La pili ni tarehe na sahihi kuachwa wazi "tutajaza baadaye". La tatu ni zamu ya usiku kusahaulika, kisha mnashangaa mmekwama kwenye 79. Jazeni nje ya muda wa kazi, wakati wa mapumziko au kwa mama ntilie baada ya zamu, msije mkapewa barua ya onyo kwa kuacha mashine. Kila fomu iwe na nakala tatu: ya mwajiri, ya chama, na ya tawi, nayo hiyo ya tawi isikae kiwandani.

Makato yakianza, mwajiri ana siku 7 baada ya mwisho wa mwezi kuyafikisha kwa chama. Akichelewa, anadaiwa nyongeza ya asilimia 5 ya deni kwa kila siku. Wengi hawajui hili, na wahasibu ndio wa mwisho kulikumbuka. Wakati huohuo chagueni wawakilishi: wanachama 10 hadi 20 wana haki ya wawakilishi 3, 21 hadi 100 wana 10, zaidi ya 100 wana 15, na hapo angalau 5 wawawakilishe wanawake kama wapo.

Sasa chama kinampelekea mwajiri notisi ya kuomba kutambuliwa kuwa msemaji wa kundi hilo mezani, kwa fomu ya kanuni. Hakikisheni nakala yenu imegongwa mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kwa sababu siku 30 za mwajiri kukutana nanyi zinaanza kuhesabiwa hapo. Mapokezi wakikataa kugonga mhuri, tumeni kwa EMS ya posta na mtunze risiti. Siku 30 zikipita kimya, au mkutano ukavunjika, jazeni fomu CMA F1 ya kufungua mgogoro, mpeni mwajiri nakala kwanza, kisha mwende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) mkiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Usuluhishi ukishindikana, suala linakwenda Mahakama ya Kazi, ambayo inaweza kuagiza kura ipigwe kujua wanachama ni wangapi kweli.

Mtu akifukuzwa katikati ya hayo kwa sababu ya chama, kufukuzwa huko ni batili, lakini ana siku 30 tu za kufungua shauri. Asizimalize akiambiwa "njoo Jumatatu tuongee".

Mkishatambuliwa, mwajiri anapaswa kuwapa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Ombeni orodha ya ngazi za mshahara, saa za ziada za mwaka uliopita na idadi ya watu kila idara. Msiombe "hesabu zote za kampuni". Mtajibiwa ni siri na mazungumzo yatakwama hapo.

Kabla ya kudai asilimia, kagueni kama mnalipwa hata kile kilichopo. Mfano wa saa za ziada: mshahara wa 390,000 kwa wiki ya saa 45. Sheria inagawanya kwa 4.333 mara 45, yaani saa 195 hivi, kwa hiyo saa moja ni 2,000 na saa ya ziada, mara moja na nusu, ni 3,000. Mhasibu akigawanya kwa 240 (siku 30 mara saa 8), saa inakuwa 1,625 na ya ziada 2,437.50. Tofauti ni 562.50 kwa saa. Kwa saa 50, ambazo ndizo ukomo wa wiki nne, mtu anapoteza 28,125. Hilo halijadiliwi, linadaiwa. Liwekeni kwenye faili lake, lisije likauzwa mezani kama "nyongeza".

Mezani wekeni mwandishi wa muhtasari kutoka upande wenu, na kila kikao kifungwe kwa sahihi za pande zote. Mkikwama kwenye mshahara, mgomo halali unapitia usuluhishi ulioshindikana, kura ya wanachama kwa mujibu wa katiba ya chama, na notisi ya saa 48. Umeme, maji, afya na zimamoto hawagomi. Mgomo wa ghafla getini unampa mwajiri sababu ya kufukuza. Ule uliofuata hatua, haumpi.

Mkataba ukisainiwa unawafunga wote wa kundi hilo, hata wasio wanachama, na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi. Someni kipengele cha muda kabla ya kushika kalamu. Kama ni wa miaka miwili, iandikwe tarehe ya kufungua tena mazungumzo ya mshahara kila mwaka. Bila tarehe hiyo mwajiri atasema mshahara umeshafungwa na mkataba, na kwa jambo lililofungwa na mkataba hata kugoma hamruhusiwi.