Kuotesha mbegu za chuan bei mu: joto kwanza, baridi baadaye

Wengi mnaniandikia kwamba mbegu zimekufa. Hazijafa, zimewahishwa friji tu. Chuan bei mu (Fritillaria cirrhosa), ambayo tunguu lake (sehemu nene ya chini ya ardhi, kama kitunguu) Wachina hutibia kikohozi, ni mmea wa milima ya Sichuan, Yunnan na Tibet, juu ya mita 3,000. Mbegu hudondoka kiinitete (mmea mdogo ulio ndani yake) kikiwa kichanga mno. Lazima kikue kwanza, ndipo baridi ikiamshe.

Hatua ya 1: Loweka mbegu usiku mmoja.

Hatua ya 2: Changanya na mchanga safi wenye unyevunyevu. Ukiukamua kiganjani usichuruzike hata tone. Mimi nimeozesha mfuko mzima kwa kuzidisha maji. Tia kwenye mfuko, andika tarehe.

Hatua ya 3: Weka penye nyuzi 15 hadi 20, miezi miwili au mitatu. Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu nje hakionekani kitu. Toa mbegu moja, ni bapa na nyembamba kama ganda la kitunguu, uiinue mbele ya taa. Kiinitete, ambacho mwanzo kilikuwa kidoa tu, sasa kimerefuka kuwa kistari. Ukikiona, endelea.

Hatua ya 4: Friji, nyuzi 2 hadi 5, miezi mitatu. Si friza! Kagua ukungu kila baada ya wiki mbili.

Hatua ya 5: Mizizi ikichomoza, panda kina cha sentimita moja, kwenye mboji yenye kokoto, mahali pa ubaridi.

Tafadhali nunueni mbegu kwa wakulima. Kuchimba tunguu la porini ni kuua mmea, na tangu 2021 China imeuweka kwenye orodha ya mimea inayolindwa.

Maswali ya wanachama

– Dada, lilitoka jani moja dogo kama sindano, sasa limekauka. Niitupe trei?

Usiitupe, jamani! Chini kuna tunguu dogo kama punje ya mchele, limelala. Mwaka wa kwanza jani ni hilo moja tu. Punguza maji, usikaushe kabisa. Maua ni baada ya miaka kadhaa.

– Shikamoo dada. Niko Dar, nitaweza?

Marahaba. Kuotesha utaweza, friji unayo. Kukuza hapana: tunguu linataka baridi kila mwaka, joto la Dar litaliozesha.

– Na hong jing tian (Rhodiola crenulata), ule mmea mwingine wa dawa za Kichina, ni hivi hivi?

Hapana. Mbegu zake ni kama vumbi na zinataka mwanga. Zinyunyize juu ya udongo, usizifukie. Mwezi mmoja friji, kisha dirishani. Usimwagilie kwa juu, zitasombwa. Kalisha trei ndani ya beseni, udongo unywe kutoka chini.