Somo: Kunoa jicho kwa filamu za zamani za mafunzo

Filamu za milimita 16 zilizofunzia askari na mafundi wakati wa Vita Kuu ya Pili bado zinafaa, mradi ujue pa kuzisimamisha. Ukiziacha ziende mwanzo hadi mwisho, darasa limetazama sinema tu.

1. Kata kipande cha sekunde 60 hadi 90. Filamu ya futi 400 huchukua kama dakika 11, ndefu mno kwa zoezi moja.

2. Zima sauti. Msimulizi hukutajia cha kuona kabla jicho halijafika.

3. Onyesha mara moja, kisha dakika tatu za kuandika kimya. Hapa ndipo wengi huharibu: mmoja akiropoka "yule mwenye kofia", nusu ya darasa wanaandika kofia.

4. Uliza "mezani kulikuwa na nini?", si "kikombe kilikuwa cha rangi gani?" Utashangaa wanaojibu "chekundu" kwa filamu isiyo na rangi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Loftus na Palmer walionyesha watu filamu za ajali za magari. Walioulizwa kasi magari "yalipobamizana" walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", chini ya 32.

5. Rudisha nyuma, simamisha, wasahihishe kwa wino mwingine. Kosa la kwanza lisifutwe, maana ndilo somo lenyewe.

Maswali ya wanachama

*Nikisimamisha, picha ina mistari kama meno ya kitana.*
Nakala hiyo ilipitia mkanda wa video, na fremu moja imebeba nusu za picha mbili. Sogeza fremu moja moja. Kwa nakala za mfumo wa Marekani, katika kila fremu tano, tatu huwa safi.

*Mkuu, mbona watu wanatembea kama wanakimbizwa?*
Hiyo ni filamu bubu ya fremu 16 au 18 kwa sekunde, inachezwa kwa 24. Shusha kasi hadi 0.67 au 0.75.

*Nikimulika fremu moja tu, wanaona karibu kila kitu. Ni wakali hivyo?*
Hapana. Skrini ikibaki nyeusi, taswira hukawia machoni. Fuatisha papo hapo picha ya mistari ya ovyoovyo, uone alama zinavyoporomoka.

*Kipande wameshakikariri.*
Chukua kipya, nusu yao wahesabu hatua za mtu mmoja, wengine watazame tu. Kisha waulize wote nani aliingia mlangoni.